Makofi kwa Mzee Gathogo

Njambi aliipokea barua kwa ncha za kucha mbili, kama mtu anayeokota soksi ya mgeni, akaitandaza juu ya kaunta na kuisogeza simu yake kando isije ikaguswa.

"Hii ni nini?"

"Ni barua, madam. Ile uliniambia nilete."

"Hii si barua. Hii ni Hesabu." Aliugeuza ukurasa upande wa dirisha. Ulikuwa umenyofolewa katika daftari la shule la Billy, mwana wa Immaculate, mwenye barua, na miraba yake midogo ya samawati ilionekana chini ya mwandiko uliokandamizwa kwa nguvu, herufi moja katika kila mraba, kana kwamba mwandishi aliogopa kutozwa faini akivuka mstari. "Mtoto wako anajua umemwibia karatasi?"

Mwanamume aliyekuwa akingoja kwenye benchi, aliyekuja kuomba bomba la choo litengenezwe, alicheka. Alicheka upesi na kwa sauti, kama wanavyocheka watu ambao zamu yao haijafika.

Ofisi ya Mzee Gathogo ilikuwa chumba cha chini cha ghorofa yake mwenyewe, karibu na kituo cha 46 Kawangware, katikati ya bucha na duka la dawa. Mzee alikuwa na ploti nne zilizokuwa shamba la viazi la baba yake. Sasa zilikuwa zimeota vyumba vya mabati, na Njambi, mke wa mwanawe, ndiye aliyekuwa akizivuna kila mwezi. Hapo ofisini hakuna mpangaji aliyeitwa kwa jina. Immaculate aliitwa Fotini, kwa sababu chumba chake kilikuwa cha kumi na nne. Ukutani, kwa rangi nyekundu iliyochuruzika kidogo kabla ya kukauka, palikuwa pameandikwa: KODI IKILIPWA HAIRUDI. Chini ya maneno hayo ilining'inia kalenda ya kanisa iliyomwonyesha Mzee kati ya wazee wenzake wa kanisa, mikono ameifumbata, macho ameyainamisha kwa unyenyekevu.

"'Ndugu yangu Lusweti amelala mochari na hospitali imekataa kumtoa,'" Njambi alisoma kwa sauti ya mtangazaji wa vifo redioni. "'Hizi ni pesa za watu wa Laini Saba na za kanisa na za ukoo.' Fotini, ukoo wako ni wapangaji wa Mzee?"

"Hapana, madam."

"Huyu ndugu yako je?"

"Hapana. Alikuwa anaishi Kibera."

"Sasa wameingiaje kwa barua yangu?"

Immaculate aliitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya mfuaji. Alifua nguo za watu Lavington siku ambazo watu wa Lavington walimpigia simu, na ngozi ya vidole ilikuwa imejikunja kama karatasi iliyolowa ikakaushwa. "Nilikuwa nataka muelewe, madam. Kodi yangu ni elfu nne na mia tano. Hakuna mtu hulipa kodi ya elfu sitini na nane kwa chumba cha mabati."

"Wewe ulilipa."

Mtu wa bomba alicheka tena.

"Pesa ilikuja kwa namba yetu, ikiwa na namba ya chumba chako," Njambi alisema, polepole sasa, kwa ule upole wanaopewa watoto wagumu wa kuelewa. "Sistimu inasoma kodi. Sistimu haijui matanga. Enda uandike upya. Ichapwe. Na iwe kwa Kizungu, sababu wakili wa Mzee hasomi barua za Kiswahili. Useme umelipa kodi zaidi kwa makosa yako mwenyewe na unaomba urudishiwe. Basi. Sisi hapa tunajua mpangaji na kodi. Maiti ni yako."

Aliukunja ukurasa mara mbili na kuusukuma. Kisha alipaka mikono yake dawa ya kuua viini.

*

Kosa lenyewe lilikuwa limetendeka mbele ya watu wengi, na kwa sababu ya uaminifu.

Lusweti alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kando ya reli, Laini Saba, huko Kibera. Umeme ulimrusha alipokuwa akiunga geti la mteja, ukamwangusha kwenye vyuma vyake mwenyewe, na baada ya wiki mbili za mashine na mipira puani alifariki akiwaachia jamaa zake bili. Hospitali haikusema kwamba inamzuia. Ilisema tu kwamba maiti hutoka malipo yakikamilika, na kwamba mochari huhesabiwa kwa siku. Kwao Bungoma kaburi lilikuwa limekwisha chaguliwa mahali, nyuma ya nyumba ya baba yake, na mama yao alikuwa akipiga simu kila asubuhi kuuliza swali lilelile kwa maneno yaleyale: mtoto anakuja lini?

Kamati ya mazishi iliketi kila jioni chini ya turubai la kukodi. Mwenyekiti alikuwa Mzee Khaemba, fundi wa masufuria, mtu wa ukoo. Immaculate walimfanya mweka hazina, kwa kuwa alikuwa dada mkubwa na hakuwahi kutajwa kwa ubaya. Tena, kamati ilikuwa na sheria yake. Msiba uliotangulia, mweka hazina alikuwa ametoweka na mchango, akaja kuonekana Eldoret amevaa viatu vipya. Tangu hapo Khaemba aliamuru kwamba pesa zote zilipwe hadharani. Mweka hazina asimame katikati, abonyeze simu huku watu wakiona, na ujumbe wa malipo ukiingia, ausome kwa sauti.

Jioni ile michango ilipotimia, Immaculate alisimama. Kabla hajaanza, simu ilitetemeka mkononi mwake. Ulikuwa ujumbe wa Njambi: chumba cha kumi na nne, kodi isipoonekana leo, tunaweka kufuli. Alizijua kufuli za Njambi. Zilikuwa kubwa, nyeusi, na ziliwekwa juu ya kufuli ya mpangaji, ili mtu arudi kutoka kazini akute mlango wake umefungwa mara mbili, watoto wako nje na sufuria ziko ndani. Billy alikuwa peke yake nyumbani. Pesa za kodi zilikuwamo katika simu ileile. Immaculate aliona heri amalizane na kufuli kwanza, upesi, kisha ageukie hospitali. Akaingiza namba ya malipo ya Gathogo. Akaingiza namba ya chumba. Simu ikamuuliza kiasi.

"Wasomee kiasi!" Khaemba alitangaza, akidhani wameanza. Turubai zima likaitikia kwa pamoja, kama watu walioulizwa na mchungaji:

"Elfu sitini na nane!"

Vidole vyake vilifuata masikio. Akaweka namba ya siri. Ujumbe ukaingia, naye, mtiifu kwa sheria, akaanza kuusoma kwa sauti ya juu, na hakunyamaza hata macho yalipomtangulia: "Imethibitishwa. Shilingi elfu sitini na nane zimelipwa kwa Gathogo, Nyumba za Kupangisha."

Hakuna aliyepiga makofi. Treni ya jioni ilikuwa ikipita, na kwa muda wote iliopita watu walimtazama tu.

Usiku ule alizipigia simu namba zote alizopewa. Msichana wa huduma kwa wateja, mwenye sauti tamu ya mtu aliyefunzwa kusikitika, alimweleza kwamba pesa haziwezi kugeuzwa pasipo idhini ya aliyezipokea. Alimtakia jioni njema.

Na Angeline, mjane wa Lusweti, aliyekuwa amekaa kwenye godoro tangu siku ya kwanza bila kuinua macho, aliyainua. "Mulamwa," alimwita, kama wanavyoitana mawifi kwao, "hiyo pesa ilienda kwa kodi yako kwa bahati mbaya, ama kwa bahati nzuri?"

*

Saiba ya Mutuku ilikuwa Riruta, kibanda cha kompyuta mbili na printa moja iliyokohoa kabla ya kila ukurasa. Mutuku alikuwa na barua za kila aina tayari kwenye mashine: za kuomba kazi, za kuomba msamaha kazini, za chifu, za mwalimu mkuu. Alibadilisha majina tu.

"Sasa, mathe," alimwamkia kama anavyomwita kila mama. "Ya nani leo?"

"Ya ofisi ya Gathogo."

"Aah. Ya kodi." Alifungua faili. "Kupunguziwa, kuongezewa muda, ama kuhama?"

"Kurudishiwa."

Vidole vya Mutuku vilisimama. "Hiyo sina. Hiyo hakuna mtu amewahi kuja kuandikisha." Aliusoma ukurasa wa miraba aliokuja nao Immaculate, midomo ikicheza, na alipofika mwisho alikuna shingo. "Lakini mathe, hii yako ni ya ukweli. Hii mtu akisoma anaelewa."

"Amesema niondoe mambo ya maiti."

"Sasa ikiondoka, inabaki nini?"

"Inabaki kwamba nililipa kodi zaidi."

Basi Mutuku akaiandika hivyo, kwa Kiingereza cha ofisi, kilichonyooka na kufungwa vifungo hadi shingoni. Mimi, mpangaji wa chumba cha kumi na nne, nakiri kwamba nililipa kodi zaidi ya kiwango, kwa makosa yangu mwenyewe. Naomba radhi kwa usumbufu niliousababishia uongozi. Naomba kwa heshima zote uongozi uifikirie hali yangu. Immaculate aliifuata kwa kidole kwenye kioo. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la nane, kilitosha kujua kwamba Lusweti hayumo. Hospitali haimo, turubai halimo. Mama yake aliyekuwa akiuliza mtoto anakuja lini alikuwa amefutwa pamoja na swali lake.

Printa ilikohoa na kutoa nakala ambayo Mutuku aliitazama, akagundua amekosea tarehe, akaitupa kwenye boksi lililokuwa chini ya meza. Boksi lilikuwa limejaa karatasi kama hizo.

"Hutupi?"

"Karatasi ni doo, mathe, ni pesa. Upande mmoja umeharibika, wa pili uko mzima. Wanafunzi wanachapa notisi zao hapo. Upande wa pili ni nusu bei."

Alirekebisha tarehe, akatoa nyingine. Immaculate alilipa bei kamili na kuibeba barua kifuani, ndani ya gazeti, isikunjamane.

*

Safari hii Njambi aliisoma kimya hadi mwisho. Alichukua muhuri, akaupulizia pumzi, akaugonga: IMEPOKELEWA.

"Sasa hii ni barua. Umeona? Ulikuwa unajua na unajifanya."

"Asante, madam. Pesa nitapata lini?"

"Pesa gani?"

"Yenye imeandikwa hapo."

"Hapa imeandikwa ulilipa kodi zaidi." Njambi aliigeuza barua ili naye aione sahihi yake mwenyewe. "Si ni wewe umesema? Si mimi. Sasa inua macho usome ukuta."

Immaculate hakuinua macho. Aliujua ukuta. "Madam, wewe ndiye uliniambia niandike hivyo."

"Nilikuambia uandike ukweli. Pesa ilikuja kama kodi, itakaa kama kodi. Miezi yako yote ijayo imelipwa. Unajua ni wangapi hapa ploti wangetaka kuwa na bahati yako? Hakuna mtu atakufungia mlango mwaka huu."

"Ndugu yangu anaongezewa bili kila siku."

"Na mimi nimekuambia pole." Kwa kweli hakuwa amemwambia. "Sikiza, Fotini. Mzee ana roho. Lakini Mzee hapendi mtu kumdai pesa yake kwa ofisi."

"Si pesa yake."

Njambi aliweka kalamu chini, sambamba na ukingo wa kaunta, akainamisha kichwa kama mtu asiyesikia vizuri.

"Umesema?"

Kwenye dirisha la bucha iliyopakana nao mtu alikuwa akikata mifupa, na kila pigo lilitikisa kalenda ya kanisa.

"Nimesema pole, madam."

"Haya." Kalamu iliokotwa tena. "Mimi ningekuwa nyinyi, ningemwalika harambee. Awe mgeni wa heshima. Mzee akiona watu kwa macho, anaguswa. Akiona karatasi, anaona karatasi."

*

Khaemba alilipokea wazo hilo kwa furaha iliyomshangaza Immaculate. Alimwona tayari Mzee akisimama mbele ya ukoo na bahasha nene. Usiku wa kuamkia Jumapili aliwakusanya wanakamati akawaonya. "Kesho hakuna mtu kutaja barua. Hakuna mtu kusema 'rudisha'. Mtu mwenye ameshika kitu chako, humwaibishi kwa watu. Unampatia nafasi akumbuke mwenyewe."

"Na asipokumbuka?" aliuliza Angeline kutoka kwenye godoro.

"Ni mzee wa kanisa, mama."

"Hilo sijauliza."

Jumapili gari la Gathogo halikuweza kupita, likaachwa barabarani, naye akaja kwa miguu kando ya reli, kitambaa puani, akiruka vidimbwi kwa wepesi wa mtu anayejua bei ya viatu vyake. Njambi alimfuata na mkoba. Kiti chenye mto kilikuwa kimeazimwa kanisani, na meza ikatandikwa kitambaa cheupe, na juu yake ikawekwa chupa ya maji iliyonunuliwa kwa pesa za mchango. Wafiwa walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki vilivyopasuka. Angeline alikuwa chini, kwenye godoro lake.

Ulipofika wakati wake, Mzee hakusimama upesi. Aliacha jina lake lirudiwe.

"Mimi sina maneno mengi," alisema, na akayasema mengi. Alisema kifo hakijui tajiri wala maskini. Alisema yeye mwenyewe aliwahi kulala njaa, miaka ile, kabla Mungu hajamkumbuka. Alisema watu wanafikiri mwenye nyumba hana moyo, eti ni kodi tu, kodi tu. "Lakini mimi wapangaji wangu ni watoto wangu. Huyu mama yenu hapa..." Alisita, akamgeukia Njambi.

"Fotini," Njambi alinong'ona.

"Huyu Fotini wetu aliniletea shida yake kwa njia ya heshima. Hakukuja na kelele. Hakuleta polisi, hakuleta watu wa haki za nini sijui. Alileta barua nzuri, imechapwa, ya Kizungu. Mimi nikasema, mtu wa adabu kama huyu lazima asaidiwe."

Khaemba aliinama mbele kwenye kiti chake. Immaculate, aliyekuwa amesimama kando ya meza na kitabu cha mchango, alikifungua ukurasa mpya. Kumbe itakuwa hivi. Kumbe ilihitaji tu hotuba. Alianza kuhesabu kichwani: hospitali leo jioni, gari kesho, Bungoma keshokutwa alfajiri. Alimwona mama yake akiliona gari kwenye kona ya mihogo.

Mzee alitia mkono katika mkoba, akatoa bahasha, akaiinua juu ili wa nyuma waione.

"Mimi na familia yangu, tunawashika mkono na shilingi elfu ishirini."

Sheria ni sheria. Mchango husomwa kwa sauti. Watu walimgeukia mweka hazina. Immaculate aliifungua bahasha mbele yao, akahesabu noti, na kuzisoma zote.

"Mzee Gathogo," alisema. "Elfu ishirini."

Hakuna mtu chini ya turubai lile aliyekuwa hajui. Wote walikuwapo jioni ile. Wao wenyewe ndio waliokuwa wameitikia kwa pamoja, elfu sitini na nane. Mafundi wenzake Lusweti walijua, walioacha kununua vyakula vya mchana ili watoe. Akina mama wa kanisa walijua. Kwa kitambo kifupi Immaculate alidhani kwamba mtu atasema, na alitazama uso baada ya uso akimtafuta mtu huyo, na kila uso alioufikia uliangalia kitu kingine: kamba ya turubai, kuku wa jirani, mikono yake yenyewe. Wengi wao nao walikuwa na ofisi za kodi mahali fulani, na kuta zenye maandishi.

"Mzee," Immaculate alianza, "ile barua..."

"Makofi!" Khaemba aliruka akasimama. "Makofi ya kilo mbili kwa Mzee wetu! Moja, mbili!"

Wakapiga. Mwanzo yalikuwa machache na yaliyopishana, kisha yakapata mwendo, na baada ya hapo hayakuwa na haya tena. Mwanamke mmoja alipiga vigelegele. Mzee alifumbata mikono na kuinamisha macho, vilevile kama kwenye kalenda.

Angeline ndiye peke yake aliyecheka. Alicheka akiwa amekaa kwenye godoro, kichwa nyuma, hata waliokuwa karibu wakadhani ni kilio wakamshika mabega. "Niacheni," alisema. "Niacheni nione vizuri. Mtu ametuletea kidole cha mkono wetu, tunamwambia asante." Lakini makofi yalikuwa bado yakiendelea, na maneno yake yaliishia kwa wale waliomshika.

Mzee hakukaa kula. Alisema ana harambee nyingine Dagoretti.

*

Jumatatu Immaculate alipeleka elfu ishirini hospitalini. Karani alizipokea, akaangalia siku zilizopita tangu bili ya mwanzo, akamwandikia kiasi kipya kilichobaki. Hata baada ya noti za Mzee, kilikuwa hakijashuka kama alivyotumaini. Alipokuwa bado dirishani, simu ilitetemeka.

*Mpangaji 14. Kodi iliyozidi: 63,500. Toa mchango wa mazishi: 20,000. Toa ada ya kushughulikia barua: 1,500. Salio la kodi: 42,000. Pole kwa msiba.*

Aliusoma mara mbili. Alitaka kuusoma kwa sauti, kama ilivyo sheria, lakini nyuma yake palikuwa na foleni, na karani alikuwa amekwisha sema, "Anayefuata."

Alimpigia Njambi akiwa langoni, kelele za magari zikimlazimisha kupaza sauti asiyoikusudia.

"Madam, nimeona Mzee ametoa mchango kwa pesa yangu."

"Kwa salio lako. Ulitaka atoe kwa ya nani?" Njambi hakuwa amekasirika. Alikuwa akitafuna kitu. "Na usinipigie kelele, Fotini, mimi ndiye nakutetea hapa. Hiyo ingine iliyobaki, Mzee anaweza kuifikiria. Sijasema ataitoa. Nimesema anaweza kuifikiria. Lakini ameuliza, hawa watu hata asante hawajaandika?"

"Tulimpigia makofi."

"Makofi hayawekwi kwa faili. Leta barua ya shukrani. Ichapwe, na mwenyekiti wenu atie sahihi. Tutaibandika ofisini watu waone."

Khaemba alitia sahihi ukurasa ukiwa bado mtupu, chini kabisa ya karatasi aliyotoa mfukoni, na ilibidi aelezwe kwamba sahihi huwekwa mwisho. "Andika vizuri," alimsihi Immaculate. "Usiandike kwa hasira. Bado ameshika yetu."

Mutuku hakufungua faili mpya. Aliifungua ileile. Palipokuwa na ombi akaweka shukrani. Palipokuwa na makosa yangu akaweka ukarimu wako. Jina la Gathogo, anwani na heshima zote vilikuwa tayari mahali pake, havikuhitaji kuguswa.

"Niseme amewezesha marehemu kupumzishwa kwa amani?" aliuliza. "Ndivyo huandikwa."

"Hajapumzishwa. Yuko kwa friji."

Mutuku alingoja, vidole hewani. "Sasa niandike hivyo?"

Nje mtu alikuwa akipiga honi mfululizo. Immaculate aliutazama ule mstari mweusi uliokuwa ukiwaka na kuzimika kwenye kioo, ukiwaka na kuzimika, ukingoja.

"Andika ndivyo huandikwa."

Mutuku aliandika. Alinyoosha mkono kuchukua karatasi safi, naye akamzuia.

"Tumia ya boksi. Ile yangu ya tarehe mbaya."

"Ya upande wa pili? Hii inaenda ofisi, mathe. Wataona."

"Hawatageuza."

Alilipia nusu bei. Printa ilikohoa, ikaivuta karatasi ndani na kuitoa ikiwa na joto, na nyuma ya shukrani, kwa tarehe isiyo sahihi, lilikuwapo ombi lote: chumba cha kumi na nne, kodi iliyozidi, radhi kwa usumbufu. Khaemba alitia sahihi yake bila kulitazama.

Njambi naye hakulitazama. Aliisoma barua upande wa mbele, akaitikia kwa kichwa, akakata vipande vinne vya utepe wa gundi kwa meno. Aliibandika juu ya benchi, kati ya rangi nyekundu na kalenda ya kanisa, akaipapasa kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, mara kadhaa, kwa bidii, mpaka upande wa nyuma ukashikana na ukuta.

"Imekaa vizuri," alisema. "Sasa enda ungoje. Mzee akiifikiria, tutakuambia."